Sabuni Niliyomficha Muuguzi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja, hapa hapa Lubumbashi, nilipomdanganya muuguzi huku kifungua mimba wangu akilia mapajani mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kichwa kigumu ajabu.

Unajua kwetu mtu haji kumwona mtoto mchanga mikono mitupu. Huja na sabuni. Nililetewa sabuni hadi nikakosa pa kuziweka. Tantine Béa, dada ya baba yangu, alileta kipande chekundu kutoka Kasumbalesa, mpakani, akakisifu kwamba kinaua mikrobe zote, yaani vijidudu vya ugonjwa. Nami nililiogopa vumbi la migodi ya shaba ya mji wetu kuliko kitu chochote. Nikamwogesha mtoto kwa sabuni ile mara tatu kwa siku, na povu nikaliacha limkaukie mwilini ili dawa ifanye kazi. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Siku ya sita ngozi yake ilikuwa nyekundu, inabanduka, na ziwa amelikataa. Nikamkimbiza zahanati.

"Unamunawishaka na nini?" akaniuliza muuguzi, Mama Odile.

"Na sabuni ya kawaida tu, mama."

Niliona haya kuonekana mama asiyejua kulea. Akaniamini. Akaanza kuandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa, akidhani ni ugonjwa umeingia kwenye damu. Hapo moyo ukanishinda, nikaitoa sabuni kwenye mfuko wa nepi.

Akaigeuza karatasi ya sabuni huku na huku. "Habakuandika hata dawa gani iko ndani. Hii haiko ya mutoto. Juu ya nini ulinificha?"

Nikamvua mtoto nguo, nikampa. Akamsuuza mtoto polepole, akaniagiza nitumie maji matupu na nimrudishe kila asubuhi amtazame. Siku ya tatu alinyonya hadi akasinzia na ziwa mdomoni. Nililia kwa furaha mbele ya wagonjwa wote.

Basi sikiliza. Baadhi ya dawa za kuua mikrobe zimekatazwa kwenye sabuni katika nchi nyingine, lakini mizigo bado inavuka mipaka. Sabuni isiyosema kilichomo, iache dukani. Ukipewa, shukuru, kisha usiitumie. Kwa kunawa mikono, sabuni ya kawaida na maji vinatosha. Na muuguzi akikuuliza, mweleze yote.

Mungu akupe watoto wenye afya, na akujalie kusema kweli mapema kuliko nilivyosema mimi.