Mlango wa Mama Kyakimwa

Mama Kyakimwa anauza viazi vya Lubero katika mtaa wetu, hapa Butembo, tangu ujana wake. Ndiye hufungua duka kwanza kila asubuhi, na sisi wengine tunamfuata. Hakuna aliyetupangia hivyo.

Juzi tulikuta mlango wake una kufuli. Mimi, jirani yake muuza sabuni, nikawaza: kumbe leo ni ville morte, siku mji mzima unapofunga kwa hasira. Nikarudisha sabuni ndani. Fundi viatu akaniona, naye akafunga. Muda si muda mtaa mzima ukawa kimya, nasi tukasimama nje tukijivunia umoja wetu. Tulikasirikia nini hasa? Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Mchana Mama Kyakimwa akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa ametoka Beni kumwona mjukuu wake mchanga. Akatutazama, macho yamemtoka.

"Nani alisema bafunge?"

"Ni weye, mama," nikamjibu.

"Miye? Miye sikusema hata kitu!"

Hasira ikanipanda. Asubuhi nzima sijauza hata kipande kimoja! "Donc, fungua!"

Akatoa ufunguo, akausogeza kwenye kufuli, kisha akasita. Akageuka, akaangalia milango yetu yote, mmoja baada ya mwingine.

"Hapana," akasema polepole. "Batu bote habawezi kufunga bure. Kuko kitu."

Akarudisha ufunguo kwenye pindo la kitenge, akaenda zake nyumbani. Nasi tulipomwona anaondoka bila kufungua, tukajua kwamba tulifanya vizuri kufunga.