Mwalimu Mjapani na Chuo Changu cha Mbali

Wiki yake ya kwanza shuleni, mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke aliyetoka Japani, alikunja suruali, akapiga magoti na kuanza kufuta sakafu ya darasa kwa kitambaa. Kwetu kupiga deki ni adhabu, kwa hiyo tuliamini mwalimu mkuu amemwadhibu.

"Huyu Mchina amekosa nini?" msichana wa dawati la nyuma akanong'ona. Tulimwita Mchina kama wale wajenzi wa barabara, ingawa alishatusahihisha mara tatu.

Kumbe shule za kwao hazina adhabu hiyo. Kusafisha ni kazi ya wote, kila siku. Mimi, msichana anayeona haya hata kuitikia jina asubuhi, nilichukua kitambaa nikapiga magoti kando yake. Wakanicheka mpaka kengele. "Yaya wa Mchina!" Nikafuta tu.

Ikawa ndiyo saa yangu ya kumuuliza maswali. Nilidhani Wajapani wote husafiri, maana tunaowaona hapa Garsen ni wale wanaopita kwenda Lamu. Akasema sivyo. Vijana wengi wa kwao siku hizi hawana hamu ya kutoka: pesa yao imeshuka thamani, kwao kuna raha na usalama, wengi hawana hata pasipoti. Halafu wanaohamia nje kabisa, wengi ni wanawake.

"Kwa nini wanawake?"

Akakamua kitambaa. "Nyumbani sisi wanawake tunaulizwa sana nani atatunza wazee."

Kosa langu ni kumsimulia baba. Akashika nusu ya maneno. Muda wa kuomba chuo ulipofika nikasema nataka uuguzi, Kisumu, upande wa pili wa nchi.

"Mwalimu wako mwenyewe alisema vijana wa kwao hawatoki," baba akasema. "Nchi ya matreni na kila kitu, wanatulia! Wewe wa kijijini Idsowe unakimbilia wapi? Hola, humu humu kaunti yetu, kuna chuo."

"Yeye alitoka, baba."

"Na babake anapikiwa na nani?"

Hilo sikuwahi kumuuliza mwalimu.

"Mto ukifurika, bibi yako atabebwa na nani?"

Mafuriko yaliyopita nilimbeba mimi, yeye na godoro lake, mpaka kambi ya waliohamishwa.

"Kaka zangu wapo," nikasema.

"Kaka zako watakuwa na wake zao."

"Basi wambebe pamoja na wake zao."

Mama aliyekuwa anapepeta mchele akaacha. Baba nusura acheke, kisha akakaza uso. "Mdomo huo umeutoa wapi?"

Jana nilikwenda saiba, duka la intaneti mjini, nikajaza maombi. Machaguo yote ni ya mbali. Hola sikuiweka popote. Baba haniongeleshi. Nampa chai, anapokea bila kunitazama. Naogopa, sidanganyi. Lakini bibi ana wajukuu saba, wanne wavulana wenye mabega mapana, na ni mimi peke yangu niliyeulizwa nani atambeba.