Mshauri wa Unyumba

Wanaume wa kliniki ya kisukari walikuwa na tabia moja. Wakishakaguliwa miguu na kuandikiwa dawa, walifika mlangoni, wakashika kitasa, wakaganda. "Nesi, kuna kitu kingine..." Halafu wangekohoa, wangeuliza kama chai bila sukari inaruhusiwa, wakaenda zao.

Nesi mwenyewe, mwanamke aliyeishi peke yake tangu aachike, alikijua fika hicho kitu kingine. Siku moja akamrudisha mmoja ndani. "Kaa, mzee wangu. Ni mambo ya unyumba, sivyo?" Mzee akaketi, akalia kwikwi. Nesi hakuwa na la kumwambia zaidi ya pole, na pole ile ilimkera wiki nzima.

Akaulizia. Akaambiwa safari ni ndefu: asome ushauri nasaha, asome saikolojia, kisha apate mafunzo ya tiba ya unyumba yenyewe, na awahudumie watu chini ya msimamizi kabla ya kupewa leseni. Akajiandikisha masomo ya jioni.

Msimamizi wake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, mzee mkavu ambaye kicheko kwake kilikuwa adimu. "Kwanza jifunze kuyatamka," alimwambia. "Wewe ukishusha sauti, mgonjwa atajua ni aibu." Basi nesi akawa anafanya mazoezi akiosha vyombo, redio kaifungulia mpaka mwisho. Umeme ukakatika ghafla. Redio kimya, sauti yake ikabaki inataja maungo ya mwanamume kwa ufasaha wa mtangazaji. Huko uani, ufagio wa jirani ukasita.

Msimamizi huyo alimfunza pia kwamba kazi ni ya maneno tu. Hakuna anayevuliwa nguo, hakuna anayeguswa. Kwanza mtu apimwe hospitali, maana sukari, presha, hata dawa zenyewe huweza kuwa chanzo. Kisha sikiliza, na usiwe na haraka ya kushauri.

Alipohitimu akapewa chumba nyuma ya kliniki ya meno. Wateja wake wengi waliingia wameshika shavu. Wenzake wakambatiza Dokta Chumbani. Akiingia kunywa chai, mazungumzo yalikatika, mtu akacheka puani. Mama yake aliwaambia majirani kwamba binti yake siku hizi anatibu presha.

Kisha akaja dada yake mkubwa, bila taarifa, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani.

"Mimi na shemeji yako tunalala kama abiria," alisema. "Nisaidie."

Nesi akaweka kalamu chini. "Dada, siwezi. Ndugu hatuwatibu. Kuna mwenzangu mzuri sana, nitampigia sasa hivi."

"Watu baki unawasikiliza, mimi wa tumbo moja unanipeleka kwa mgeni?"

"Nikiyajua ya chumbani kwenu, nitamtazamaje shemeji? Na wewe utanitazamaje?"

Dada akanyanyuka. "Umesoma mpaka umetusahau." Namba ya yule mwenzake aliichukua, lakini hakuaga.

Simu za dada zikakoma. Nesi alimweleza msimamizi wake, naye akasema, "Ulifanya sawa," akammiminia chai. Alikuwa amefanya sawa, na jioni nyumba yake ilikuwa na sahani moja ya kuosha.

Wakakutana tena kwenye harusi ya binti wa mjomba wao. Toka mbali aliwaona dada na shemeji wamekaa bega kwa bega. Shemeji akamtoa mkewe uzi begani, dada akacheka bila kugeuka. Nesi akajua walikwenda kwa yule mwenzake. Akafurahi, kisha akatafuta wa kumwambia, asipate.

Meza aliyopangiwa ilikuwa na mke na mume aliowahudumia mwaka mzima. Mke akampa mkono wa ugeni. "Sijui tumewahi kuonana?"

"Hapana," nesi akajibu. "Nina uso wa kufanana na watu."

Mume akashusha pumzi, akamsogezea soda.

Baadaye dada akapita mezani. "Umekuja?"

"Nimekuja."

"Mama anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Dada akasimama kidogo, kama anataka kuongeza neno. Nesi, ambaye kazi yake ilikuwa kusubiri watu waseme, akasubiri. Muziki ukapandishwa, shemeji akamwita mkewe wakacheze, naye akaenda.