Ngano Iliyoota Golini

Mwaka niliopata usimamizi wa madereva wa trekta katika shamba la ngano la serikali, huku uwandani chini ya mlima Hanang, nilinenepa hadi mke wangu akanitobolea mkanda matundu mawili mapya kwa msumari wa moto. Watu walisema ni ukubwa umenikubali. Ukubwa wapi. Ulikuwa mtindi.

Kwetu Endagikot, nilikokulia, mtu mwenye ombi haji mikono mitupu. Anakuja na kibuyu cha mtindi, anakusalimia, anakukaribisha unywe, na ombi lake analitoa ukishafuta midomo. Ukinywa, umekubali. Na kukisukuma kibuyu cha mtu aliyesimama mlangoni kwako, alivyonifundisha mama yangu, ni sawa na kumfukuza kwa fimbo. Sasa mtu aliyelelewa hivyo mpe madereva wanane, kalamu na kitabu cha ruhusa, halafu mletee majira ya mvua, wakati kila ng'ombe wa Hanang ana maziwa. Utaona mambo.

Wa kwanza alikuja asubuhi, hata kamba za viatu sijafunga. Nikanywa. Kumbe kaka yake anaoa, anataka siku kumi. Nikasaini. Wa pili, nyumba ya mama yake imeezuliwa na upepo. Nikanywa, nikasaini. Wa tatu alileta mtindi mzito, wenye harufu ya moshi, mtamu kiasi kwamba sikumsikiliza vizuri, na mpaka leo sijui alikuwa na shida gani. Wa nne na wa tano walikuja pamoja na kibuyu kimoja, na mimi, mjinga, nikaona wamenionea huruma.

Kibaya zaidi ni kwamba nilikuwa na raha tele. Nikipita kambini naitwa "ndugu msimamizi, mtu wa watu", nami natembea tumbo mbele, nacheka na kila mtu. Niliamini kabisa kwamba huo ndio uongozi.

Halafu udongo ukashika unyevu wa kutosha, ikawa sasa ni kupanda. Meneja aliniita ofisini akanionyesha kupitia dirisha shamba lililo kando ya kambi. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba lile shamba likifika siku ya kumi halijapandwa, ninarudi kwenye usukani na ile nyumba ya bati niliyopewa pamoja na cheo namwachia msimamizi mwingine. Nikasema hakuna shida, mkuu. Nikaenda gereji. Matrekta manane, madereva watatu. Nikahesabu tena, nikidhani labda wengine wameinama.

Ikabidi wale watatu wafanye kazi kuanzia alfajiri hadi jua linazama, bila zamu, na mimi nikapanda trekta la nne. Nilikuwa sijaendesha kwa muda, na tumbo langu lilikuwa limefika kwenye usukani kabla yangu. Kila nikikata kona linapigwa. Madereva walinicheka waziwazi, nami nikawacheka wanaonicheka, na siku tatu zikaenda hivyo, tukipanda na kutaniana.

Siku ya nne, mchana, nikaona trekta moja limeacha mstari. Halikuwa na haraka. Lilitoka shambani likiburuta mashine ya kupandia nyuma yake, likavuka barabara ya kambi kama mtu anayekwenda kumsalimu jirani, likaingia uwanja wa mpira, likapita katikati, likaelekea golini moja kwa moja. Huko likaegemea nguzo ya goli na injini ikazima. Nikaruka chini nikakimbia, kama ile unaweza kuiita mbio.

Aliyekuwa juu ni dereva mzee kuliko wote, mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi japo mimi ndiye mkuu wake. Mikono ipo kwenye usukani, kidevu kifuani, anakoroma. Nikamgusa goti. Akafumbua macho, akalitazama goli, akanitazama mimi. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi.

Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Mwanangu," akasema, "wale watano ruhusa umewapa wewe. Lakini kazi yao umenipa mimi. Na mimi sikuletewa kibuyu."

Kicheko kikakatika. Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kumkatalia mtu, kumbe nilikuwa nawakatalia hawa watatu kila siku, nawanyima hata usingizi, na wala sikuwa nimefungua mdomo kuwaambia. Nikamwomba radhi pale pale golini. Nikamwambia akalale mpaka kesho, nikachukua trekta lake.

Kesho yake asubuhi, tukiwa gereji tunapaka grisi, nani anaingia? Baba mkwe. Ametembea kutoka Gendabi, mzee mfugaji, shuka begani, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili, kibuyu. Huyu ni mtu ambaye mbele yake sijawahi hata kupiga chafya kwa nguvu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kunywa, mkwe wangu."

 Yule dereva mzee aliendelea kufuta spana moja ambayo ilishakuwa safi. Mikono yangu ilikuwa tayari njiani kwenda kwenye kibuyu. Niliirudisha nyuma ya mgongo nikaifunga hapo kama ya mwizi.

"Baba, nakuomba nisikie neno kwanza."

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. Kisha akasema anataka trekta moja, siku moja tu, shamba lake la mahindi limeota magugu na mvua haimsubiri.

"Siwezi, baba," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. "Trekta si langu, na watu wa kuliendesha wamechoka mpaka wanalala juu yake. Tukimaliza kupanda, siku zangu za mapumziko nitakuja mwenyewe na jembe la mkono."

 Aliziba kibuyu, akakiweka kwapani, akaondoka bila kuniaga. Habari zilifika nyumbani kabla yangu, na mke wangu aliniwekea ugali mezani akasahau mboga. Alisahau mboga kwa wiki nzima.

Tulimaliza kupanda siku ya tisa. Nyumba ya bati ikabaki yangu. Wale watano waliporudi walikuta sheria mpya: neno kwanza, na wakati wa kupanda haondoki zaidi ya mtu mmoja kwa mara moja. Walininunia sana, na mkanda wangu ukarudi tundu moja. Nami nilikwenda Gendabi na jembe langu. Nililima siku tatu, viganja vikachubuka, na baba mkwe alikaa kwenye kigoda akinitazama na kunionyesha kwa fimbo mahali nilipoacha magugu.

Kisha ngano ikaota. Mistari ikanyooka shamba zima, isipokuwa pale ambapo ilipinda, ikavuka barabara, ikaingia uwanjani na kwenda kufunga goli. Watu walikuja kuitazama. Timu ya kambi ilicheza mpira ikiikwepa, na kipa alikuwa analalamika kwamba inamtekenya.

Siku moja nikamkuta baba mkwe amesimama pale golini na kibuyu chake, dereva mzee yuko pembeni yake. Mkwe alikuwa ameshasimuliwa kila kitu. Aliufuata ule mstari kwa macho kutoka shambani mpaka kwenye nguzo, polepole, akarudia tena. Kisha akanipa kibuyu.

Mkono wangu ukapanda wenyewe kukizuia. "Neno kwanza, baba."

"Sina neno," akasema. "Kunywa."

 Nikanywa funda moja tu, nikampa dereva mzee kibuyu chote kilichobaki, naye akakipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye ngano yake, akakinywa mpaka mwisho.