Kitanda cha Dirishani

Walisema sitamaliza. Baba yangu mdogo aliuliza mbele ya wageni, nyumbani kwetu Singe, karibu na Babati, "Diploma? Huyu? Labda wampe diploma ya kuchunga mbuzi." Wageni wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikapanda basi la Dar es Salaam. Kule asubuhi nilibeba mizigo sokoni, jioni nikasoma. Hakuna aliyenilipia ada hata ya muhula mmoja. Nilirudi Babati na diploma ya maabara, na sioni aibu kusema kwamba kabla yangu hospitali ndogo ya binafsi iliyoniajiri haikuwa na mtu wa kuotesha vijidudu vya wagonjwa ili kujua dawa inayoviua. Kazi hiyo niliianzisha mimi. Wagonjwa waliniita dokta, nami sikuwasahihisha.

Kwa hiyo mama yangu alipojikata mguu kwa jembe akipalilia mbaazi, na kidonda kikashonwa, nilikataa alazwe kitanda cha mlangoni. Dirishani kulikuwa na kitanda kizuri. Asubuhi ileile mzee aliyekuwa akikilalia, mwenye kidonda cha miezi mingi, alikuwa amehamishiwa hospitali kubwa. Mama wa usafi alisimama hapo na ndoo yake.

"Dokta, hicho bado. Nimefuta vumbi tu. Ngoja nikipige klorini kikauke."

"Kitakauka saa ngapi?"

"Nipe saa moja. Na godoro limepasuka huku chini, inabidi tulibadilishe."

"Mama, hapa mwenye diploma ni nani?"

Akacheka kidogo. "Haya, ni wewe dokta." Akaondoka na ndoo. Shuka nilitandika mwenyewe.

Jioni wakaja kinamama wa kwaya. Kwetu mgonjwa haangaliwi kwa mbali. Walikizunguka kitanda, wakashika vyuma vyake wakati wa maombi, wakampa mama pole ya mkono mmoja mmoja, kisha wakafungua hotipoti juu ya kabati la kitanda na kumega ugali pamoja naye, maana mgonjwa akila peke yake hashibi. Mama naye alishika chuma ili ainuke, halafu akaiweka sawa bandeji yake kwa mkono uleule. Mimi nilikuwa pembeni na koti langu jeupe, nikipokea sifa za kumpatia mama kitanda chenye hewa.

Siku ya nne bandeji ilikuwa na rangi ya kijani. Harufu ilinifikia kabla sijaingia wodini. Homa ilipanda, na dawa alizoandikiwa zilikuwa kama maji. Nikachukua usaha nikaotesha. Katika sahani ya kuoteshea tunapanga vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayoua huacha duara safi kuzunguka karatasi yake. Majibu yalipokuwa tayari, vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye kingo za karatasi, moja baada ya nyingine. Duara lilikuwa moja tu, tena jembamba.

Sura ile nilikuwa nimeiona. Nilifungua daftari la maabara, nikalinganisha namba na kitabu cha wodi, nikakuta majibu ya yule mzee: dawa zilezile zimeshindwa, imebaki ileile moja. Mwandiko ulikuwa wangu. Majibu tunayaandika kwa namba ya mgonjwa, na mimi sikuwahi kujisumbua kuuliza namba ile inalala wapi.

Nikachukua vijiti vya pamba nikarudi wodini. Nilipitisha kimoja chini ya chuma cha kitanda, pale vidole vinapojikunja na kitambaa cha kufutia hakifiki. Kingine kwenye kishikio cha droo, kingine ndani ya mpasuko wa godoro. Vyote vitatu viliota, kwa sura ileile.

Dawa iliyobaki haikuwepo Babati. Iliagizwa Arusha, sindano tatu kwa siku, na mshahara wangu ulikwisha kabla ya siku ya tatu. Mimi niliyejisomesha nikaanza kubisha hodi. Nilikopa kwa majirani, kwa kinamama wa kwaya, kwa muuza samaki sokoni, kwa mfugaji mmoja wa kijiji cha Mutuka aliyeuza ndama kwa ajili yangu.

"Baba," mama aliniambia nikimshikia kikombe, "hii dawa ni ya bei gani?"

"Usijali mama."

"Mbona hunitazami?"

Nilisema nina usingizi.

Homa ilishuka, lakini mfupa ulikuwa umeshaoza. Wakamkata mguu chini ya goti. Shamba la mbaazi analilima mtu mwingine sasa.

Nilikaa mwaka na zaidi nikifanya kazi mbili, nikauza na kiwanja changu, kisha nikakodi bajaji, nikazunguka mlango kwa mlango na kuwalipa wote kwa siku moja. Wa mwisho alikuwa yule mfugaji.

"Shikamoo baba. Nimeleta ya ndama."

"Marahaba. Mama anatembeaje?"

"Kwa magongo."

Akaziweka hela mfukoni bila kuzihesabu. "Umehangaika, mwanangu. Ugonjwa hauna adabu, unamwingia mtu tu."

Siku hiyo kila mlango ulikuwa umenipa pole na sifa, na kwa kila mlango nilikuwa nimeshukuru. Nikamshukuru na yeye. Kwamba ugonjwa ule haukumwingia mama hivi hivi tu, kwamba ulikuwa kitandani na mimi nikamtandikia shuka juu yake, sikumwambia.