Nilivyotafsiri Picha za Nyota Mjini Arusha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kuwakatia watu tiketi, lakini sikukata hata moja. Nilikuwa binti niliyetoka Kilimanjaro na cheti cha kidato cha nne cha shule ya masista, na shangazi yangu aliyeishi mtaa wa Lemara, Arusha, ndiye aliyenitafutia nafasi hiyo katika jumba la sinema la mjini. Nilifika mchana nimevaa viatu vya kuazima. Meneja wa jumba, mtu mnene na mpole ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea, alikuwa amesimama mlangoni akijipangusa jasho. Mtafsiri wake alikuwa ameondoka asubuhi ile kwenda kutafuta maisha Nairobi, na ukumbi ulikuwa umeshajaa watu.

"Binti, Kiingereza unakijua?"

"Shikamoo. Ninakijua kiasi."

"Marahaba. Kiasi kinatosha. Panda juu."

Vijana wa leo huenda hawajui kazi hiyo ilikuwaje. Picha nyingi zilikuja kwa Kiingereza, bila maandishi ya Kiswahili chini. Mtafsiri alikaa katika kijichumba kando ya chumba cha mashine, akachungulia pazia jeupe la kuonyeshea picha kupitia kidirisha, na kuwaeleza watazamaji kwa kipaza sauti nini kinasemwa. Mwendesha mashine alipunguza sauti ya filamu wakati wa maneno na kuipandisha wakati wa vishindo. Ilibidi wawili hao waelewane kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja.

Mwendesha mashine wetu aliitwa Salim. Alikuwa kijana mrefu wa familia iliyotoka Tanga, akikaa mitaa ya zamani karibu na msikiti. Sikuolewa naye. Naliweka wazi mapema ili msomaji asihangaike kulisubiri. Yeye alimwoa Zaituni, mimi nikaolewa na mwalimu, na kila mmoja aliheshimu nyumba ya mwenzake. Lakini katika maisha yangu hakuna mtu niliyefanya naye kazi kwa raha kama yeye.

Picha ya siku hiyo ilihusu watu waliosafiri kwenda nyota ya mbali. Kilipotokea kile kitu walichosafiria, kikubwa kama mtaa na chenye taa pande zote, Kiswahili kiliniishia. Nikasema, "Sasa wanapanda gari la mbinguni." Ukumbi mzima ukacheka. Mtu mmoja chini akauliza kwa sauti dereva ni malaika gani. Machozi yakanilengalenga. Salim akaingiza kichwa mlangoni, mikono yake ikiwa myeusi kwa vumbi la kaboni.

"Sema chombo," akaninong'oneza. "Chombo cha angani. Kinachobeba watu na mizigo kikasafiri nao ni chombo, kiwe majini au juu."

Nikasema chombo, na watu wakatulia. Jioni Meneja aliniita ofisini. Aliniambia, "Hawakuja kusikia Kiingereza chako. Wamekuja kuelewa. Neno likikukataa, liache, eleza jambo lenyewe." Sheria hiyo niliishika hadi mwisho wa kazi.

Tangu hapo picha za nyota zikawa zangu. Ndivyo tulivyoziita filamu za sayansi ya kubuni, hata kama hakuna nyota iliyoonekana ndani yake. Nilitafsiri mashine zinazofikiri, nikaziita bongo za chuma. Roboti nikamwita mtu wa bati, na jina likaenea mpaka sokoni, ambako mtu mzito wa kuelewa aliitwa hivyo. Kuna jambo moja lililonishangaza. Watu walikubali bila shida kwamba binadamu anaweza kufika kwenye nyota. Walichokataa ni mlango. Katika picha zile milango ilijifungua yenyewe mtu akisogea, na kila mara ukumbi uliguna. "Huo uongo sasa!" walisema. Miaka mingi baadaye nilikwenda benki pale mjini, mlango wa kioo ukajifungua mbele yangu. Nilisimama palepale nikicheka peke yangu, na mlinzi akaniuliza kama ninaumwa. Nilichotaka ni kumwambia Salim.

Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko yangu. Mwanga wa mashine haukutoka kwenye balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa karibu hadi moto wa umeme ukaruka kati yavyo, mweupe kama ule wa mchomelea vyuma. Ulitazamwa kupitia kioo cheusi, na wenye haraka walitazama bila kioo. Filamu yenyewe iligawanywa katika reli kadhaa, yaani magurudumu ya utepe wa picha. Mashine zilikuwa mbili. Reli ya kwanza ikikaribia kuisha, nukta ndogo iliwaka kwenye kona ya juu ya pazia na kutoweka. Hapo mwendesha mashine aliwasha mota ya pili. Nukta ikija tena, alifungua mwanga wa mashine ya pili na kufunga wa kwanza. Akifanya sawasawa, mtazamaji hajui kitu. Akikosea, pazia linabaki jeupe na watu wanapiga miluzi.

Salim hakuwahi kukosea. Kisha mwaka mmoja, baada ya Pasaka, akakosea mara mbili katika picha moja.

Sikumuuliza. Juma lililofuata nilimwona akitafuta kikombe chake cha chai mezani kwa kupapasa, nacho kiko mbele yake. Alijua nimemwona.

"Kuna ukungu," akasema. "Nukta sizioni."

"Mimi ninaziona," nikamwambia.

Ndipo tukaanza utaratibu wetu. Nukta ikiwaka, niligonga ukuta uliotutenga, huku mdomo wangu ukiendelea kutafsiri. Ikija ya pili, niligonga tena. Salim alifanya kwa kusikia alichokuwa akifanya kwa kuona. Tulikwenda hivyo muda mrefu, na pazia halikubaki jeupe tena. Niliogopa kila siku. Alikuwa na watoto wadogo, na kazi nyingine hakuijua.

Siku moja nilipokuwa katikati ya vita vya angani, niligonga ukuta, nikageuka, nikamwona Meneja amesimama mlangoni. Alitazama ngumi yangu, kisha akaenda kusimama nyuma ya Salim. Nukta ya pili ikaja. Sikuwa na la kufanya ila kugonga. Meneja alisubiri hadi filamu ikaisha na watu wakatoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Pasaka, bwana," Salim akajibu.

Meneja alipitisha kidole juu ya rangi ya ukuta iliyobanduka. "Kesho mhamie chumba kimoja," akasema. "Huu ukuta nilishaupaka rangi mara moja, sitaupaka tena."

Basi tukahamia chumba kimoja, na hiyo ndiyo miaka ninayoiota mpaka leo. Kulikuwa na joto, harufu ya filamu na mafuta ya mashine, na chupa ya chai ya tangawizi aliyoipika Zaituni. Salim alirusha mwanga kwenye pazia asiloliona tena. Ikitokea sehemu isiyo na maneno, niliondoa mdomo kwenye kipaza sauti nikamsimulia yeye tu. Jangwa jekundu. Majua mawili yanazama. Mwanamke amesimama peke yake. "Amevaa nini?" alipenda kuuliza.

Katika picha moja rubani kipofu alitengenezewa macho ya mashine. Madaktari waliovaa nguo za rangi ya fedha walimfungua kitambaa, akaona, akalia. Niliacha kutafsiri. Ukumbi ulikuwa kimya ukinisubiri. Salim akagusa kiwiko changu.

"Tafsiri, Filomena," akasema taratibu. "Watu wanasubiri."

Nikatafsiri.

Kisha video zikaja. Watu wakaanza kutazama picha sebuleni kwa jirani, viti vyetu vikabaki vitupu, na jumba likafungwa. Meneja alitushika mikono mmoja mmoja mlangoni. Salim alirudi nyumbani. Mimi nilipata kazi kwenye gari la sinema la wilaya, chini ya Afisa Sinema, mtu mwembamba aliyependa utaratibu. Tulipanda vijijini kwenye miteremko ya Mlima Meru, tukatundika shuka jeupe na kuonyesha kwanza filamu za kilimo cha kahawa na usafi wa choo. Wakivumilia, tuliwapa picha ya nyota. Katika kijiji kimoja mzee wa Kimeru alisimama, akavua kofia, akauliza, "Hawa wamefika mwezini. Je, bomba la maji litafika lini hapa?" Afisa Sinema akaniambia nisilijibu hilo. Mzee akasubiri jibu akiwa amesimama hadi filamu ikaisha.

Gari letu lilitangaza pia habari za serikali. Jioni moja Afisa Sinema alinikabidhi tangazo nilisome kwa kipaza sauti. Nikasoma kwamba madaktari wa macho watakuja hospitalini Arusha, kwamba mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni, wataweza kuutoa na kuweka mahali pake lenzi ndogo ndani ya jicho. Nilifika hapo nikarudia kuisoma sentensi hiyo kwa macho tu. Afisa Sinema akanikonyeza niendelee. Nilikuwa nimetafsiri jambo hilohilo likifanywa na watu waliovaa nguo za rangi ya fedha, na sasa lilikuwa kwenye karatasi yenye muhuri wa wilaya.

Nilikwenda kwa Salim kesho yake. Alikuwa amekaa barazani, redio miguuni.

"Hiyo ni filamu, Filomena," akasema.

"Si filamu. Nimesoma mwenyewe."

"Uliwahi kusoma pia kwamba watu wanaishi kwenye jua." Hakutabasamu. "Niache. Nimeshazoea. Nikitumaini halafu nikakosa, sitazoea tena."

Zaituni alikuwa mlangoni ameshika ufagio. "Atakuja," akaniambia mimi, si yeye. "Mimi nitamleta."

Alimleta. Tulikaa kwenye benchi la hospitali na watu wengi waliotoka Ngaramtoni na kwingineko, wengine wakiongozwa kwa fimbo. Daktari Mkuu wa Macho, mama mmoja mwenye sauti nzito, alimpima na kusema waziwazi: jicho la kushoto limeshaharibiwa na presha ya jicho, hilo halirudi. La kulia lina mtoto wa jicho, atajaribu. Hakukuwa na mashine zenye taa za rangi kama kwenye picha zetu. Kulikuwa na kitanda, taa moja, sindano ya ganzi, na muuguzi aliyemshika Salim mkono.

Asubuhi yake walimfungua bandeji. Alipepesa macho. Daktari akamwonyesha vidole, Salim akavihesabu. Kisha akamtazama Zaituni muda mrefu, mpaka Zaituni akajifunika uso kwa ukaya wa khanga. Halafu akanigeukia mimi, akakunja uso kama mtu asiyeamini.

"Filomena?" akasema. "Mbona umezeeka? Sauti yako haikuniambia."

Tulicheka sote watatu, Daktari pia. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, nikalia hadi nikatosheka. Nilikuwa nimempa picha za kila nyota, na uso wangu mwenyewe sikuwahi kumsimulia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa banda la video Ngaramtoni, baada ya gari la wilaya kuharibika na kuachwa bila vipuri. Mwenye banda aliniweka kando ya televisheni na kipaza sauti kidogo. Siku za soko wafugaji na wakulima walijaa kwenye mabenchi. Salim alikuja mara kwa mara, akakaa mbele, jicho lake moja limekaza. Alilalamika kwamba picha ya video ni nyepesi kama chai ya shule. Ila siku moja alimwona mfugaji nje ya banda akiongea na simu ya mkononi, akimuuliza ndugu yake mvua imenyesha wapi. Alinivuta mkono nitazame. "Angalia," akasema. "Waliotengeneza zile picha walitupeleka hadi kwenye nyota, na simu zao zikabaki na waya. Huyu hawakumwaza."

Salim alifariki miaka michache baadaye, usingizini, nyumbani kwake. Nilifanya kazi msimu mmoja zaidi. Sauti ilianza kukatika, na vijana wakataka watafsiri wenye mbwembwe. Nikamuaga mwenye banda.

Sasa ninaishi Lemara, na Meru ninauona asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Watu huniuliza kama picha za nyota zilisema kweli. Ninawaambia zilisema kweli kuhusu vitu, tena vingine vilifika kabla hazijaviwaza. Lakini hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba siku moja kila mtu atakuwa na ukumbi wake mfukoni.

Mjukuu wangu Neema, anayesomea kompyuta, alikuja Jumapili iliyopita. "Bibi, shikamoo. Njoo uone kazi yako." Akanivisha spika za masikioni, akaniwekea filamu kwenye simu, picha ya nyota, mpya kabisa. Watu wa ndani walikuwa wakisema Kiswahili. Akanieleza kwamba hakuna binadamu aliyetafsiri, ni mashine imesikiliza na kusema yenyewe. Niliisikiliza. Kiswahili chake kilikuwa safi, safi kuliko changu siku ile ya gari la mbinguni, na nikamwambia hivyo.

Kisha pakaja sehemu ya kuchekesha, na sauti ikaendelea moja kwa moja. Sisi hapo tulikuwa tunanyamaza. Ukumbi ukicheka unauacha ucheke, unasikia kicheko kikianzia viti vya nyuma kikija mbele, na unajua lini kimeisha.

"Neema," nikamuuliza, "hii mashine, watu wakicheka, huwa inawasubiri?"

Alifikiri. Ni mtoto mkweli, hakutaka kunifurahisha tu.

"Hapana, Bibi. Kila mtu anaangalia peke yake. Hakuna wa kumsubiri."

Nikasogea kwenye kochi ili naye apate nafasi. Akachomoa spika za masikioni, akairudisha filamu mwanzo, na tukaitazama wawili.