Gauni la Manjano

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukihamisha vitu vya marehemu nyanya kutoka nyumba yake ya Mumbuni, nilifungua sanduku lake la bati. Harufu ya nafthalini, vile vidonge vya kufukuzia nondo, ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto.

Nyanya alikuwa akiipiga pasi ya makaa sare yake ya akina mama wa kanisa, na haikuwa siku ya ibada.

"Susu, unaenda wapi?" nilimuuliza; Susu ndivyo nilivyomwita nyanya.

"Nyumbani."

"Si tuko nyumbani?"

Alicheka. "Hapa tumepanga tu."

Nilidhani anasema Ekalakala, alikozaliwa. Sikujua kwamba wanawake wa kanisa lake huweka tayari sare watakayozikwa nayo. Nilikimbia nikaleta gauni langu la manjano, lililonuka moshi wa jikoni.

"Weka na yangu. Usiende bila mimi."

Hakucheka tena. Alilipiga pasi polepole hadi kwenye kola, akalilaza juu ya sare yake. "Mimi sitakuacha," akasema. "Wewe tu usije ukakataa safari."

Tulimzika na sare yake. Gauni lilibaki sandukuni, limekunjwa vilevile.

Nilipokua, kanisani niliacha kwenda kidogo kidogo, bila ugomvi na mtu. Wiki iliyopita nilipiga magoti kando ya sanduku nijaribu kuomba, lakini nilisikia redio ya jirani tu.

Binamu yangu aliingia na gunia la takataka. "Hiyo nguo ni ya nani?"

Nikamwambia sijui.